Tega! Historia ya mtego uliofukiwa

Kitendawili!

Ukisikia neno hilo, hata ukiwa umebanwa kwenye daladala, mdomo wako utajibu wenyewe: Tega! Tumejibu hivyo tangu utotoni, na wengi wetu hatujawahi kujiuliza tunamwambia nini mwenzetu. Tunamwambia aweke mtego. Yeye anaufukia kwa maneno, sisi tunapita juu yake, na tukishindwa tunampa mji ili atuonyeshe ulipokuwa. Tukifaulu, tumekitegua kitendawili, na kutegua ndiyo kazi anayofanya mwindaji anapouondolea mtego nguvu zake kabla haujanasa.

Ukishaanza kuangalia hivyo, unaona Kiswahili chetu kimejaa mitego. Tunatega sikio. Mvivu anatega kazini. Bomu linategwa. Chama cha ushirika kikipata fedha kinajenga jengo la kitega uchumi, kana kwamba pesa ni kanga wa porini na sisi tumejificha nyuma ya kichaka tukisubiri apite. Na mtu akituuliza swali la hila tunamwambia, aah, hapo umenitega.

Sasa hebu tafuta mtego huo huo kwenye vitabu vya historia yetu ya uwindaji. Utakuta bunduki. Utakuta pembe za ndovu, misafara, wazungu wenye kofia ngumu na majina ya bunduki zao. Mtego utaukuta sehemu moja tu, kwenye orodha ya njia zilizopigwa marufuku. Lugha inaukumbuka kila siku, lakini maandishi yanaukumbuka kama kosa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijiuliza kwa nini, na jibu ninalolitoa hapa linaanzia kwenye udongo.

Mimi ni mtu wa Zagayu. Kwa wasiopajua, ni kata ya Usukumani, mashariki mwa Ziwa Viktoria, ambayo kwa miaka mingi anwani yake ilikuwa Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ulipoundwa tukajikuta katika wilaya mpya ya Itilima. Ni nchi ya pamba, mtama, viazi vitamu na ng'ombe. Ukienda mashariki, wilaya inakomea kwenye Pori la Akiba la Maswa, na ukivuka pori hilo uko Serengeti. Kwa hiyo kwetu mnyama wa porini hajawahi kuwa picha ya kalenda. Ni fisi anayebeba ndama, kanu na nguchiro wanaomaliza kuku bandani, nungunungu anayefukua viazi usiku, na nyumbu wanaolisha katika pori la Maswa miezi ya mvua, wengi kiasi kwamba mwenye njaa hawezi kuacha kuwafikiria.

Babu yangu, guku kama tunavyosema nyumbani, alitega ujanani mwake. Mimi nilipopata akili alikuwa ameshaacha siku nyingi, kwa hiyo alichoniachia ni maelezo tu. Alisema mtego wa mguu una vitu vitatu: shimo dogo la kuingia wayo au kwato, tanzi lililolazwa juu ya mdomo wa shimo, na gogo lililofungwa mwisho wa kamba ili mnyama aliburute mpaka achoke. Mnyama akikanyaga, mguu unazama, akiuvuta tanzi linabana. Hayo, alisema, hata mtoto anaweza kuyafanya. Kazi yenyewe ni kutandika na kufunika.

Kutandika ni kuhakikisha kilicho chini kimetulia. Mtego ukitikisika kidogo, mnyama anausikia kwa wayo kabla hajaweka uzito wote, anainua mguu na kwenda zake, na kuanzia siku hiyo anaijua ile njia. Kufunika ni kurudisha ardhi kama ilivyokuwa: kwanza vijiti vyembamba vinavyoweza kubeba udongo lakini haviwezi kubeba mnyama, kisha majani makavu, kisha vumbi lililochekechwa, la rangi ile ile ya pale pale. Udongo uliotoka shimoni haumwagwi kando. Unakusanywa kwenye ngozi na kupelekwa mbali, kwa sababu udongo wa chini una rangi nyingine na harufu nyingine, na bweha hahitaji kuambiwa mara mbili. Mwisho mtegaji anarudi kinyumenyume akifagia nyayo zake kwa tawi.

Kwa maneno mengine, kazi yote ya mtegaji ni kuifuta kazi yake. Fundi wa ngoma huacha ngoma, mfua chuma huacha jembe. Mtegaji hodari huacha mahali panapofanana kabisa na pale pa jirani. Mwanahistoria afanye nini na fundi wa namna hiyo?

Kwa bahati nzuri wachache waliandika. Xenophon, Mgiriki aliyeishi karne ya nne kabla ya Kristo, anajulikana zaidi kwa vita na kwa kumbukumbu zake za Socrates, lakini anahesabiwa pia kuwa mwandishi wa kitabu kidogo cha uwindaji. Humo anaeleza mtego wa paa: pete iliyosukwa kwa matawi, iliyopigwa misumari ya chuma na ya mti inayoelekea katikati, ikalazwa juu ya shimo, tanzi likazungushwa juu yake, kamba ikafungwa kwenye gogo. Halafu anaingia kwenye kufunika. Vijiti, majani, udongo wa juu, na baada yake udongo mgumu ulioletwa kutoka mahali pengine. Udongo unaobaki, anaagiza, upelekwe mbali, maana mnyama akinusa ardhi iliyochimbuliwa karibuni atashtuka. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Babu yangu na Mgiriki huyu hawakuwa na shule moja wala lugha moja, lakini walikuwa wamefundishwa na mwalimu yule yule, yaani pua ya mnyama.

Mtego wa pete yenye miiba haukuwa wa Wagiriki peke yao. Mwaka 1935 Gerhard Lindblom, Mswidi aliyewahi kukaa Ukambani na kuandika kitabu kikubwa kuhusu Wakamba, alichapisha utafiti juu ya mtego huo na mahali ulipoenea. Aliufuatilia katika sehemu nyingi za Afrika na nje yake. Makabila yaliyotenganishwa na jangwa, misitu na bahari yalikuwa na pete moja, shimo moja na gogo moja. Wanazuoni wa zama zile walipenda kuuliza nani alimwiga nani. Swali hilo halinivutii sana. Kinachonivutia ni kwamba pete inaweza kusafiri kwenye mfuko wa mgeni, lakini namna ya kuifunika haisafiri. Hiyo lazima ijifunzwe upya kila penye udongo mwingine.

Hapo ndipo Usukumani panapokuwa na jambo la kuwaambia wengine. Msukuma hana neno moja tu la udongo. Karibu na mawe ya vilimani kuna luseni, mchanga mwepesi. Ukishuka unakutana na itogolo, halafu ibambasi, ule unaokauka ukawa mgumu kama saruji, na chini kabisa bondeni kuna mbuga, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Kati ya 1935 na 1936 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo kutoka kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alisafiri sehemu kubwa ya Tanganyika akiangalia jinsi aina za udongo zinavyofuatana kwa mpangilio ule ule kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Mpangilio huo aliupa jina la Kilatini, katena, maana yake mnyororo. Neno hilo leo linafundishwa katika vyuo vya kilimo duniani kote. Milne alifariki 1942, na taarifa ya safari yake ikachapishwa 1947. Wakulima na wafugaji wa Usukumani walikuwa na majina ya pingu za mnyororo huo kabla Amani haijawa na kituo.

Mtegaji aliyajua majina hayo kwa vidole. Kwenye luseni shimo linachimbika kwa urahisi na vumbi la kufunikia linakauka upesi, lakini upepo mmoja tu unafichua vijiti, na mvua ikinyesha mchanga wote unadondokea shimoni. Kwenye ibambasi wakati wa kiangazi utatoka jasho, na kila bonge unalolivunja linaacha kovu lisilorudi kuwa kama zamani. Kwenye mbuga kavu ufa unaweza kupita katikati ya kazi yako ukameza kifuniko chote. Mbuga mbichi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inahifadhi alama yako kama karatasi inavyohifadhi wino. Ndiyo maana mtu hakutega popote alipoona njia ya wanyama. Alingoja udongo fulani katika majira fulani, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jibu lilikuwa, leo hapana.

Elimu ya namna hii kwetu haikuwa ya mtu mmoja mmoja. Wasukuma walikuwa na vyama vya ufundi vyenye kuingizwa kwa sherehe, dawa zake, ngoma zake na nyimbo zake. Bayege walikuwa wawindaji wa tembo. Bayeye, ambao bado mnawaona kwenye ngoma za nyoka, walijua nyoka na dawa za sumu yao. Banunguli walikuwa watu wa nungunungu: waliingia kwa kutambaa ndani ya mashimo ya mnyama huyo anayeharibu mashamba, mahali ambapo hakuna nafasi hata ya kugeuka. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya kikoloni, aliandika mengi kuhusu sheria na vyama vya Wasukuma, na makaratasi yake yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Frank Gunderson naye, katika kitabu chake cha 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, amezipa nafasi nyimbo za wawindaji hawa. Kilichobaki kwa wingi, basi, ni nyimbo. Ngoma haifichwi. Mtego unafichwa, na ndivyo ulivyopotea.

Tusidanganyane kwamba kabla ya mzungu pori lilikuwa la kila mtu na kila mtu alifanya alivyotaka. Ngozi ya simba na ya chui haikuwa mali ya aliyemnasa. Ilipelekwa kwa ntemi, kama pembe za ndovu zilivyopelekwa, na asiyefanya hivyo alijitafutia balaa. Mamlaka juu ya mnyama yalikuwapo. Tofauti ni kwamba ntemi aliuliza nini kimenaswa. Serikali zilizomfuata ziliuliza kimenaswa kwa njia gani, na nani amekinasa.

Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa amri ya kwanza ya uwindaji kwa koloni zima, yenye vibali vya kulipia na maeneo ya hifadhi. Mei 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalikutana London na kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, ambao pamoja na mengine ulitaka nyavu na mashimo ya kutegea yazuiwe. Bunduki haikuguswa kwa namna hiyo. Bunduki ilikatiwa leseni. Aliyeweza kulipa aliitwa mwindaji, na aliyechimba shimo akaanza safari ya kuitwa jangili. Waingereza walipoingia Tanganyika waliendeleza mkondo ule ule, kupitia sheria za 1921, 1940 na 1951, na Tanzania huru ikafuata kwa sheria za 1974 na 2009. Mipaka nayo ikasogea. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Pori la Akiba la Maswa likaundwa 1962.

Katikati ya hayo kuna kichekesho ambacho si cha kuchekesha sana. Miaka ile ile ambayo shimo la Mwafrika lilikuwa linaandikwa kama ukatili, viwanda vya Marekani na Uingereza vilikuwa vinatengeneza mitego ya mguu ya chuma kwa wingi. Sewell Newhouse, aliyejiunga na jumuiya ya kidini ya Oneida katika jimbo la New York, alibuni mtego wa meno na springi ambao jumuiya hiyo ilijengea utajiri, na mwaka 1865 wakachapisha kitabu cha kuwafundisha watu kuutumia. Shabaha yao ilikuwa wanyama wenye manyoya ya kuuza: beva, mbweha, mink. Nchini Uingereza mtego wa meno ulipigwa marufuku kwa sheria ya 1954 iliyoanza kutumika 1958, na Umoja wa Ulaya ukaharamisha mitego ya mguu kwa kanuni ya 1991. Yaani wale waliotuambia tuache kutega mguu mwaka 1900 waliendelea kutega mguu kwao kwa nusu karne na zaidi.

Wala tusisahau nani alivaa hizo ngozi. Mwaka 1962 Jacqueline Kennedy, mke wa rais wa Marekani, alionekana na koti la chui, na wanawake wengi wa Ulaya na Marekani wakataka lao. Chui wa Afrika Mashariki walilipia mtindo huo kwa ngozi zao, mpaka mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliosainiwa Washington 1973 na kuanza kutumika 1975, ulipomweka chui katika orodha yake kali zaidi. Mtu wa kijijini aliyemnasa chui aliyekuwa akimaliza mbuzi wake alikuwa mwisho mdogo kabisa wa kamba ndefu, na mwisho huo ndio uliokuwa rahisi kukamatwa.

Lakini kilichoua sanaa ya kufukia mtego Usukumani si sheria peke yake. Kilikuja kitu kisichohitaji kufukiwa.

Waya hauhitaji udongo. Haujali luseni wala mbuga. Unakata kipande, unatengeneza kitanzi, unakining'iniza kwenye uwazi wa kichaka kwa urefu wa shingo, unafunga upande mwingine kwenye mti, basi. Nyumbu anayekimbia gizani haoni uzi mwembamba mbele yake. Waya unatoka kwenye uzio, kwenye simu za zamani, na zaidi ya yote kwenye matairi yaliyochomwa moto mpaka mpira ukaisha. Alichoweza kukifanya babu kwa siku nzima, kutandika mitego miwili au mitatu, kijana mwenye rundo la waya anakifanya mara kumi kabla ya jua kuchwa. Na asipoikumbuka yote ilipo, inabaki inaning'inia, inanasa, inaozesha. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipokuja na ndege yao iliyopakwa milia ya punda milia, na filamu yao ya 1959 ikashinda tuzo ya Oscar, dunia iliujua ujangili wa Serengeti kwa sura ya waya. Mpaka leo watafiti wanakadiria kwamba makumi ya maelfu ya nyumbu huuawa kila mwaka katika mfumo wa Serengeti, wengi kwa tanzi, na mwaka 2017 ilianzishwa kazi maalumu ya vikosi vinavyotembea porini kutegua nyaya hizo moja moja.

Angalia basi sheria ilivyofanya kazi. Iliweka shimo na waya kwenye kapu moja, kana kwamba ni kitu kimoja. Mtego wa polepole, unaodai ujuzi, unaoacha shimo refu la ushahidi mahali pamoja na kumrudisha mwenyewe kila alfajiri, ndio ulioachwa kwanza, kwa sababu mwenye nao alikuwa rahisi kuviziwa. Kijana wa waya anaweka na kukimbia. Hatari ya kifungo ni ile ile kwa tanzi moja au hamsini, kwa hiyo akili ya biashara inamwambia aweke hamsini. Sisemi watunga sheria walikusudia hivyo. Nasema udongo ulikuwa breki, na hakuna aliyegundua kwamba ni breki mpaka ilipokwisha kung'olewa.

Najua pingamizi, na zina haki yake. Shimo nalo halikuchagua kati ya dume na jike mwenye mimba. Mnyama aliyeburuta gogo usiku kucha aliteseka, na hakuna ngoma ya kuyafanya mateso hayo yawe mema. Idadi ya watu imeongezeka mno, pori limebanwa, na kama kila kaya ya Simiyu ingetega kama mababu, hata kwa vijiti na vumbi, Maswa ingekuwa kimya. Nakubali yote. Simwombei mtu yeyote ruhusa ya kutega, na maelezo niliyoyatoa hapa hayamtoshi mtu kunasa hata kuku wa jirani.

Ninachokataa ni hesabu inayosema kwamba mwindaji wa kijijini daima alikuwa mharibifu tu, na kwamba ujuzi wa wanyama uliingia nchini pamoja na gari la doria. Hesabu hiyo ina madhara kwa watu walio hai. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Ndani ya muda mfupi bunge lilijaa taarifa za watu kuuawa, kuteswa na kunyang'anywa mifugo, operesheni ikasitishwa, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Ukishakubali kwamba kila anayeishi kando ya pori ni jangili anayesubiri giza, mtego wa namna hiyo hautaki chambo.

Kuna na hasara nyingine, ya kimya zaidi, na hii inatuhusu sisi tunaopenda maandishi. Mzee aliyetega ujanani hawezi kumsimulia mjukuu wake mbele ya mgeni. Anaogopa, na ana sababu ya kuogopa. Nimekaa na wazee wa namna hiyo. Ukiuliza kuhusu ngoma wanafunguka mpaka usiku. Ukiuliza kuhusu mitego wanauliza wewe ni nani, umetumwa na nani, na hicho unachoandika kinaenda wapi. Kwa hiyo tuna maktaba nzima ya nyimbo za wakulima, tuna makumbusho ya Wasukuma pale Bujora yenye ngoma na viti vya watemi, lakini maneno ya sehemu za mtego, majina ya namna za kufunika, namna ya kusoma wayo uliopita jana na uliopita leo, hayo yanazikwa na wenyewe. Na wakati huohuo hifadhi zinatafuta watu wanaoweza kufuata alama za mnyama chini. Ujuzi wanaoutafuta ni ule ule.

Kitu kinachowezekana kufanywa ni kidogo na hakihitaji mradi. Mwanafunzi wa Kiswahili au wa historia anayetoka kijijini kwao aende na daftari, asichukue jina la mtu, asiulize nani alinasa nini na wapi. Aulize maneno tu. Vijiti vile vinaitwaje? Vumbi lililochekechwa lina jina gani? Kuna kitenzi cha kurudi kinyumenyume ukifagia nyayo? Mimi nimekusanya machache, na kila neno linanionyesha kwamba watu walifikiri kwa makini juu ya jambo ambalo vitabu vyetu vinalipitia kwa mstari mmoja wa marufuku.

Sehemu ya elimu hiyo bado haijafa. Nenda Zagayu leo umwulize kijana wa miaka ishirini apande wapi viazi na wapi pamba. Hatatoa simu mfukoni. Atakuonyesha kwa mkono, luseni ile, ibambasi pale usijisumbue, mbuga kule chini lakini subiri maji yapungue. Majina ya udongo yamesalimika kwa sababu mkulima naye aliyahitaji, na hakuna sheria iliyomkataza kuyataja. Majina ya mnyama anavyokanyaga juu ya udongo huo yako kwa wazee wachache, na wengi wao wamevuka miaka themanini.